Aliyekaza Hayupo

Ukitaka kujua umri wa nyumba ya Buruburu, usiangalie paa wala lango. Lango ni la juzi, na paa huenda lilipakwa rangi Krismasi iliyopita. Nenda kwenye mlango wa chumba cha nyuma, ule ambao mgeni hafikishwi, uinamie bawaba ya chini. Hapo utakuta skrubu za kwanza, zenye mkato mmoja katikati ya kichwa, zimefukiwa chini ya rangi ya krimu, juu yake kijani hafifu, juu yake nyeupe, juu yake nyeupe nyingine ya mwenye nyumba aliyetaka kupangisha kabla ya mwisho wa mwezi. Kila aliyepaka alipitisha burashi juu ya bawaba bila kujali. Nani angejali? Mlango ulikuwa ukifunguka na kufungika.

Mtaa huu ulijengwa kwa awamu tano, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa fedha za Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola, serikali ya Kenya na Baraza la Jiji la Nairobi. Michoro ilikuwa ya kampuni ya Mutiso Menezes International. Zilitoka karibu nyumba elfu tano, zikauzwa kwa mkopo kwa makarani, walimu, wauguzi na wengine waliokuwa na payslipu na hamu ya kumiliki kuta. Majina ya wafadhili na wachoraji yapo kwenye kumbukumbu. La seremala aliyekaza skrubu ya bawaba ya chini halipo popote. Aliikaza kwa mkono, kwa bisibisi bapa, akasogea mlango wa pili.

Kazi yake ingeweza kukaa bila kuguswa milele, isipokuwa ardhi yenyewe haikukubali. Sehemu kubwa ya Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi tuliko sisi, imekalia udongo mweusi unaovimba mvua za masika zikinyesha na kupasuka nyufa za kuingiza kidole Februari ikikausha. Msingi ukipanda na kushuka mwaka baada ya mwaka, fremu ya mlango inapinda. Mlango unaanza kukwaruza sakafu, kisha unabana juu, kisha siku moja unagoma kabisa mtu akiwa ndani. Hapo ndipo inabidi mlango ushushwe upigwe randa, na kuushusha lazima bawaba itoke, na bawaba haitoki mpaka skrubu ikubali.

Mtu wa kawaida huchukua bisibisi iliyo karibu, mara nyingi ile ya kufungulia kopo la rangi, akaipachika kwenye mkato uliojaa rangi, akakaza meno na kuzungusha. Bisibisi inaruka. Anaongeza nguvu. Inaruka tena, na safari hii inang'oa ukingo wa mkato. Akirudia, kichwa kinakuwa laini na kung'aa, duara tupu lisilo na pa kushika, na skrubu iliyokuwa ngumu tu sasa imekuwa ngumu na bubu.

Fundi aliyeshusha mlango wetu alinizuia kabla sijafika huko. Ni mzee mwenye banda upande wa Rabai Road, na kwa kuwa niliwahi kumfundisha binti yake, huniita Mwalimu hata tunapobishana bei. "Mwalimu, hebu ngoja kwanza," alisema. "Hii ina rangi ya miaka yote." Akatoa msumari alioufua ncha ikawa bapa, akaanza kuchimba mkato taratibu, akipuliza vumbi la rangi, mpaka chuma kikaonekana mwisho hadi mwisho. Akachagua bisibisi ambayo upana wake ulijaza mkato wote. Akaisimamisha wima, akaigonga kitako kwa nyundo, si kwa hasira, mapigo ya kuamsha tu. Halafu akafanya jambo linalowashangaza wengi: akaikaza. Kidogo sana, labda upana wa unywele, kulia. Ndipo akageuza kushoto, na skrubu ikatoa mlio mkavu, kra, ikaanza kuja.

Mlio huo una sababu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo skrubu iliyoota kutu ndani ya shimo lake hunenepa na kujibana yenyewe. Pigo la nyundo hupasua ule ukoko. Kuikaza kidogo huuvunja zaidi, kabla ya kuigeuza upande wa kulegeza. Fundi hakunieleza haya yote. Alisema tu kwamba skrubu ikishatikisika imekwisha, akaipangusa kwenye suruali na kunipa niishike. Chini ya kichwa, pale rangi haikufika wala hewa, chuma kilikuwa bado cheusi na safi kama kilivyotoka kiwandani.

Naisifu skrubu hii ya mkato mmoja kwa sababu inasamehe. Mkato ukiharibika, msumeno wa chuma unakata mwingine. Mambo yaliharibika zaidi skrubu za nyota zilipoingia. Henry Phillips, mfanyabiashara wa Portland huko Oregon, alipata hataza zake mwaka 1936, na General Motors ikawa miongoni mwa waliozitumia mapema, kwenye magari ya Cadillac. Faida ilikuwa ya kiwandani. Bisibisi ya mashine hujipanga katikati ya msalaba bila kuelekezwa, na mfanyakazi anakaza nyingi kwa saa moja. Lakini kuta za msalaba ule zimeinama, kwa hiyo nguvu ikizidi, bisibisi hupanda na kutoka. Kwenye mstari wa kuunganisha magari hilo halikuwa tatizo kubwa. Lilikuwa hata kinga dhidi ya kukaza kupita kiasi. Kwa anayelegeza miaka ishirini baadaye, kila bisibisi inapopanda inaondoka na kipande cha chuma.

Tena nyota si moja, na hapa ndipo Nairobi inapoumia. Ipo ya Pozidriv, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1960, yenye mistari minne midogo katikati ya mikono ya msalaba. Ipo ya Kijapani, ambayo mara nyingi ina nukta moja iliyochongwa kichwani, na bisibisi ya Phillips haiketi ndani yake hadi chini. Jiji hili linaendesha magari yaliyotumika Japani: Probox, Vitz, Noah, na nyumba za Buruburu zimejaa fanicha za kujiunganishia zilizokuja na skrubu za aina yoyote iliyokuwa rahisi mahali zilipotengenezwa. Zote tunazifuata na bisibisi ileile ya nyota iliyonunuliwa juu ya gunia soko la Gikomba, yenye mpini wa rangi mbili na ncha ya chuma laini inayojipinda kabla ya skrubu kusogea. Sikumbuki kuona duka la vifaa vya ujenzi mtaani ambako muuzaji aliuliza ni nyota ya aina gani. Anauliza ndogo au kubwa.

Sasa kuna na drili ya betri. Sina chuki nayo. Imewapunguzia mafundi maumivu ya viganja na kuwaongezea kipato. Lakini inamruhusu mtu kukaza bila kuhisi. Mkono uliokuwa ukijua kwamba mbao imeshika na yatosha, umeachia kazi hiyo mota, na mota haijui kitu mpaka kichwa kiliwe. Skrubu nyingi tunazolaani zilikufa siku ileile zilipofungwa. Aliyezifunga alisikia zikikwaruza, akaona zimeingia, akaondoka na pesa yake.

Zikifika hali hiyo zinapelekwa kwa watu wa moto. Nani hajapita mabanda ya kuchomelea ya Eastlands akalazimika kuficha macho? Huko nimemwona kijana akitoa bolti iliyokatika kichwa ndani ya breketi ya pikipiki. Alichagua nati ambayo tundu lake lilikaribia upana wa bolti, akaikalisha juu ya kile kisiki kilichobaki, akashusha kioo usoni na kujaza tundu kwa elektrodi mpaka nati na kisiki vikawa kitu kimoja chekundu. Mwenye pikipiki alitaka spana ipachikwe hapohapo. Kijana akamwambia, "Boss, iache ipoe." Moto umeifanya bolti kutanuka na kuponda kutu iliyoizunguka, ikipoa inasinyaa na kuacha mwanya mdogo. Ikiwa bado na joto, akaigusisha mshumaa, nta ikayeyuka na kunyonywa chini kwenye nyuzi. Spana ilipofika, bolti ilizunguka bila kelele. Vipo madukani na vifaa vya kung'olea bolti zilizokatika, vyenye nyuzi za kinyume, ambavyo unatoboa bolti katikati na kuviingiza. Ni vizuri mpaka vikatike humo ndani, kwa maana chuma chake kinaishinda drili ya kawaida, na hapo umetoka kwenye tatizo ukaingia kwenye msiba.

Ningependa kuishia kwenye ufundi, maana unafurahisha. Lakini hapa mtaani kuna skrubu na bolti zilizoharibiwa kwa makusudi, na ndizo zinazonifikirisha zaidi.

Pita kwenye maegesho yoyote kati ya Phase 1 na Phase 5. Vioo vya pembeni vya magari vimechorwa namba ya gari na kushikwa kwa ribiti. Bawaba za malango zimechomelewa. Kwenye tangi la maji, nati zimepigwa tindo mpaka nyuzi zikavurugika, ili spana ya mwizi isizipate. Mashirika ya barabara nayo hufanya hivyohivyo kwa mabango na vyuma vya kingo, baada ya kuchoka kubadilisha vilivyoibwa. Tumejifunza kutengeneza kwa hiari yetu kile ambacho fundi wa Rabai Road hutoa jasho kukiondoa: kifungo kisichofunguka. Siwezi kumlaumu mtu. Aliyeamka akakuta gari lake halina macho hahitaji mahubiri.

Na hofu hiyo si ya kufikirika. Januari 11, 2022, minara ya laini kuu ya umeme ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka Imara Daima, ng'ambo ya eneo la viwanda kutoka kwetu, umeme ukapotea nchi nzima. Serikali ikasema minara ilihujumiwa kwa kung'olewa vyuma vyake. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, na marufuku ikakaa miezi kadhaa. Mnara mrefu kuliko nyumba zetu za Buruburu umeshikwa na bolti ambazo mtu anaweza kuzilegeza kwa spana. Kwa hiyo mchomeleaji anayeziba kichwa cha bolti ana hoja, na hoja yake ilikosa umeme pamoja nasi sote siku ile.

Lakini geuza uso utazame madirisha.

Nyumba za Buruburu ziliuzwa zikiwa na ua. Miaka ilivyokwenda, ua ukawa chumba cha kupangisha, kisha vyumba, kisha ghorofa ya vyumba, na njia ya nyuma ikawa ukuta wa jirani. Sijui familia iliyofanya hivyo kwa ulafi. Karo za shule zilikuwa zikipanda na pensheni haikuwa ikipanda nazo. Ila nyumba iliyokuwa na njia mbili imebaki na moja, na madirisha yaliyobaki yamezibwa kwa vyuma vilivyochomelewa kwenye fremu. Havina bawaba wala kufuli, hata skrubu iliyokwama hamna. Aliyevifunga alimwaza mtu mmoja tu, yule wa nje.

Kenya imeshalipia fikra hiyo. Machi 2001, katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 walikufa bweni likiungua. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa mwaka 2008 unataka madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma na yafunguke kwa nje. Ni kanuni iliyoandikwa kwa gharama ya watoto. Hakuna aliyeileta kwenye mitaa yetu, ambako watoto haohao hulala likizo.

Nimejiuliza kwa nini tunaona taabu kumfikiria atakayelegeza. Nadhani ni kwa sababu mwizi ana sura. Tumemwona kwenye kamera ya jirani, tumesimuliwa alivyoruka ukuta wa Phase 3 saa tisa usiku. Fundi wa mwaka 2050 hana sura. Mtoto anayetafuta njia kwenye moshi hana sura pia, maana hakuna mzazi anayekubali kumchora akilini. Basi tunakaza kwa ajili ya yule tunayemwona.

Kuna waliowahi kuunda vitu wakimwona mtu wa baadaye. Mafundi wa mitepe, yale majahazi ya kale ya pande za Lamu na visiwa vyake, walishona mbao kwa kamba za makumbi badala ya kuzipiga misumari. Kamba huoza. Kila baada ya muda chombo kilivutwa ufukweni, kikashonwa upya kamba zilizochoka. Aliyeshona mara ya kwanza alijua kwamba kazi yake itafumuliwa, labda na mwanawe, na mashimo aliyoyatoboa aliyapanga ili mkono mwingine uyapate. Mitepe ilikwisha baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na sisemi turudi kwenye kamba. Nasema tu kwamba kilichofumuliwa na kushonwa tena kilivuka bahari kikiwa na watu ndani.

Na wala ugonjwa huu wa kufunga kitu kisifunguke si wa Eastlands peke yake. Apple ilipoanza kufunga simu zake kwa skrubu ndogo yenye matawi matano, miaka ya 2010, bisibisi yake haikuwa kwenye sanduku la mwenye simu. Yule aliyelipia ndiye aliyezuiwa. Haikuchukua muda mafundi wa simu wa Luthuli Avenue wakawa nayo kwenye seti zao, iliyotengenezwa China, na leo kijana wa kibanda cha Mumias South Road huifungua simu hiyo huku akizungumza na mteja mwingine. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengeneza vitu mwaka 2024. Sisi tumekuwa tukiitumia haki hiyo bila kuiomba, kwa bisibisi, moto na nta ya mshumaa, na kwa hiyo tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa kwamba kitu kisichofunguka si mali kamili ya mwenyewe.

Mlango wa chumba chetu cha nyuma ulipigwa randa ukarudi. Mzee aliniuliza kama arudishe skrubu zilezile. Mbili zilifaa, nyingine alizibadilisha kwa za shaba alizokuwa amezihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, kwa kuwa shaba haioti kutu ile nyekundu. Kabla ya kuzikaza alizichovya kwenye grisi. Nilimwambia mlango uko ndani, hauguswi na mvua. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Ni ya yule atakayekuja, Mwalimu." Kisha akaniambia nikipaka rangi nibandike utepe juu ya bawaba.

Jirani, uwe wa Buruburu au wa Umoja au Donholm, sikuombi uwaamini wezi. Nakuomba jioni ya leo uingie chumba wanacholala watoto ushike vyuma vya dirisha. Kama havifunguki, mtafute fundi wiki hii akate sehemu ya kupitisha mtu mzima, aiwekee bawaba na kufuli, vichwa vya bolti vikiwa ndani ambako mwizi hafiki, na ufunguo utundikwe pale ambapo mtoto wa darasa la kwanza anaufikia gizani. Nati azipake grisi. Akitaka kuzichomelea, mkataze.